Kabla hujaweka sindano kwenye sahani ya Siti

Sahani ya gramafoni ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa hapa Unguja, ukiizungusha kwa kasi kupita kiasi, Siti anakuwa kigori. Ukiipunguza mno, anakuwa mwanamume aliyeamka na mafua. Wengi wanaomjua leo kupitia simu wamemsikia katika moja ya hali hizo mbili, na papo hapo wamekwishatoa hukumu: ah, sauti yenyewe ndiyo hii? Sisi tunaoshughulika na sahani kongwe hapa Unguja tumezoea kuanza na mashine, hadithi baadaye. Hadithi za nyimbo zile ni tamu, lakini kwa kasi mbovu unamsikiliza mtu mwingine.

Kwanza tuelewane juu ya neno albamu. Mwaka 1928 Siti na wenzake, Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya mbwa aliyetega sikio kwenye bomba, His Master's Voice. Kilichotoka huko hakikuwa albamu ya nyimbo kumi zilizopangwa. Zilitoka sahani moja moja, za upana wa inchi 10, kila moja na pande mbili, na kila upande dakika tatu na ushei. Mwenye nacho alinunua nyingi, asiye nacho alikwenda kusikiliza barazani kwa mwenziwe. Majalada yenye mifuko ya kutilia sahani, mfano wa albamu ya picha, ndiyo yaliyozaa jina tunalotumia sasa. Kwa hiyo albamu ya Siti ni ile utakayoipanga mwenyewe, na mpangilio wake utategemea umeokota nini na kimepona kipi.

Sahani zile si plastiki. Zimetengenezwa kwa lakha, ute mgumu wa wadudu wanaoishi juu ya miti huko India, uliochanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi. Ukishajua hivyo utaelewa karibu kila kosa linaloziua: kwa nini zinavunjika kama kigae, kwa nini spiriti inaziyeyusha, na kwa nini zinakula sindano.

Tuanze na kasi. Sahani inaitwa ya 78 kwa sababu inazunguka mara 78 kwa dakika, lakini mitambo ya zama zile haikuwa na nidhamu hiyo kila siku. Mashine yako nayo ina yake. Njia rahisi ya kuipima ni karatasi ya duara yenye mistari inayowekwa juu ya sinia la mashine. Kwa umeme wetu wa hezi 50 unataka karatasi yenye mistari 77. Ukiimulika kwa taa inayopepesa pamoja na umeme, mistari ikionekana imesimama basi sinia linazunguka mara 77.92 kwa dakika, na hiyo inatosha. Karatasi zenye mistari 92 ni za nchi za hezi 60, usizitumie hapa. Na taa nazo huleta kiroja: nyingi za LED hazipepesi vizuri, mistari yote inakuwa ukungu mtupu, na mtu anadhani mashine ni mbovu. Tafuta tyubu la zamani au balbu ya waya. Umeme ukikatika mkawasha jenereta, acheni kupima, kwa sababu hezi za jenereta zinapanda na kushuka kila friji ya jirani inapowaka.

Baada ya mashine kuwa sawa, sikio ndilo linaloamua. Kosa la asilimia 6 hivi ni nusu toni nzima: sahani iliyorekodiwa kwa 78 ukaipiga kwa 82 na nusu, wimbo wote unapanda nusu toni na udi unalia kama umekazwa na mtu mwenye hasira. Usitegemee kinanda cha kisasa kukuambia ufunguo sahihi. Wapiga udi walikaza nyuzi kufuata koo la mwimbaji, hawakukaza kufuata piano. Kinachosaidia ni maneno ya kusema. Katika sahani za zama zile mara nyingine mtu hupachika neno la kumtia moyo mwimbaji katikati ya muziki, na sauti ya kusema husaliti kasi mbovu upesi kuliko sauti ya kuimba. Usipopata neno kama hilo, msikilize mwenye tari: mkono wa binadamu una mwendo wake, na tari ikianza kutetemeka kama saa ya mezani, punguza.

Kama mashine yako haina 78 kabisa, usihangaike kununua nyingine leo. Rekodi kwa 45, kisha kwenye programu ya kompyuta ongeza kasi kwa asilimia 73.3. Kwa 33 na theluthi, zidisha mara 2.34. Inafanya kazi. Kwa sahani iliyopinda ni bora zaidi, maana sindano inapata muda wa kupanda na kushuka bila kuruka.

Sasa sindano, mahali ambapo sahani nyingi zimeuawa na watu wazuri. Sindano ya sahani za LP, zile za plastiki zilizokuja baadaye, ina ncha ya maikroni 18 hadi 25. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana, unataka ncha ya maikroni 65 hadi 76. Ukitia ile nyembamba, inazama mpaka chini kabisa ya mfereji, mahali pasipo na muziki bali takataka za miaka tisini, na unachosikia ni kaango la samaki. Kisha mtu anasema sahani imekwisha. Sahani haijakwisha, sindano inatembea mtaroni badala ya kutembea ukutani. Kichwa cha kisasa kiwekewe uzito wa gramu 3 hadi 5.

Kwa wale wenye gramafoni ya kukaza kwa mkono, yenye bomba, hesabu ni nyingine. Kichwa chake kinakandamiza kwa gramu mia na zaidi, na sindano yake ya chuma ni ya upande mmoja tu. Unga wa mawe uliomo ndani ya sahani umewekwa makusudi uinoe ncha ya sindano hiyo katika mizunguko ya kwanza, ipate umbo la mfereji. Ukiirudia upande wa pili, ncha imekwishakuwa na makali pembeni, inakata kuta. Sahani nyingi za Siti zilizobaki majumbani zina rangi ya kijivu sehemu ambazo sauti inapanda, na kijivu hicho ni unga wa kuta zilizokwanguliwa na sindano zilizorudiwa. Sindano zilikuwa za kununua, na raha ilikuwa kila siku. Hatuwalaumu. Lakini sahani ya kijivu usiipige tena kwa gramafoni hata kwa kuonyesha wageni.

Kuosha. Hapa tutasema kwa sauti ya juu: hakuna spiriti, hakuna manukato, hakuna dawa ya kusafishia vioo. Chochote chenye alkoholi kinayeyusha lakha, na utaona weusi wa sahani umehamia kwenye kitambaa. Chukua lita moja ya maji yaliyokenekwa, matone mawili au matatu ya sabuni ya maji isiyo na mafuta wala rangi, na brashi laini. Maji ya bomba ya mjini yana chokaa, kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, na yakikauka yanaacha vumbi jeupe ndani ya mifereji. Maji yaliyokenekwa yanapatikana madukani wanakouza vifaa vya gari, ila uliza vizuri: unataka maji ya kuongezea betri, si asidi. Chupa zinafanana, na asidi haisamehi.

Shika sahani kwa ukingo na katikati. Pitisha brashi kufuata mifereji, kwa duara, usikate kati. Lebo isiguse maji, maana gundi yake inalegea na wino wake unatembea. Wengine hukata duara la plastiki laini wakalikandamiza juu ya lebo kwa mkono wa pili. Suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kisha isimamishe wima kivulini kwa muda wa saa mbili, kwenye kitu kama kichanja cha sahani za kulia. Usiianike juani hata dakika tano. Joto huilainisha lakha, ndiyo maana zile zilizowekwa juu ya kabati chini ya mabati zimejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango.

Mahali pa kuziweka: wima, zikiwa zimebanana kidogo, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe. Ukizilaza kwa rundo, ya chini inabeba uzito wa zote na siku moja utasikia mlio mkavu. Gazeti lina asidi na wino. Mfuko wa plastiki ndio mbaya kuliko vyote kwa hewa ya hapa, kwa sababu ikifika masika, kuanzia Machi mpaka Mei, unyevu ulioingia hautoki na ukungu unaota kama kwenye mkate. Ukungu wa mwanzo unaosheka. Uliokaa miaka umekwishatoboa uso wa sahani, na mlio wake hauondoki.

Sahani yenye ufa ichezwe mara moja tu, kwa ajili ya kurekodi. Gundisha utepe kwenye ukingo na sehemu ya lebo, kamwe usipite juu ya mifereji. Utasikia kishindo kila mzunguko, yaani zaidi ya mara moja kwa sekunde, na vishindo hivyo vinaondolewa kimoja kimoja kwenye kompyuta. Kwa upande wa dakika tatu ni vishindo zaidi ya 230. Ni kazi ya alasiri nzima, pika kahawa.

Wakati wa kurekodi, sahani hizi zina sauti moja tu, haina kushoto wala kulia. Unganisha chaneli mbili ziwe moja na mkwaruzo utapungua hapo hapo. Hifadhi faili la WAV, biti 24, kilohezi 96. Upande mmoja wa mono utakula megabaiti 50 hivi. Ukimtumia mtu kwa simu mtumie kama hati, usiipeleke kama sauti, la sivyo programu itaibana mpaka udi uwe bati. Kikuza sauti cha LP kina urekebishaji uliowekwa kuwa kawaida kuanzia mwaka 1954, unaokata sauti za juu ambazo sahani ya 1928 haikuwahi kuzidishiwa, kwa hiyo inasikika imeziba, kama mtu anayeimba nyuma ya pazia nzito. Zirudishe sauti za juu kidogo kidogo mpaka herufi s isikike bila kuchoma.

Na mkwaruzo uachie kiasi. Programu za kusafisha sauti zina tamaa. Zinaona mlio wa vipande vya shaba vya rika, lile tari dogo, kuwa ni uchafu, zinaufuta, na pamoja nao zinafuta s, sh na f za Siti. Mshairi aliyepima mizani yake kwa silabi anakuja kukatwa ulimi na kompyuta. Weka faili ghafi lisiloguswa, kisha chezea nakala.

Haya yote yanatufikisha kwenye dakika tatu, na hapo ndipo hadithi za nyimbo zinapoanza kueleweka. Wimbo wa taarabu harusini hauna haraka. Muziki unaanza peke yake, mwimbaji anaingia anapotaka, mstari unarudiwa, watu wanasimama kwenda kutunza, aliyeguswa na fumbo anarudi mara ya pili na noti nyingine ili aliyekusudiwa aone. Dakika kumi na tano hazionekani. Sahani haikuwa na subira hiyo. Pima mwenyewe kwa saa: muziki wa kufungulia ukichukua sekunde 30, zinabaki 150. Ubeti wa mistari mitatu, mistari ikirudiwa na vyombo vikijibu, unakula sekunde 35 hadi 45. Basi upande mmoja unabeba beti tatu au nne. Pande mbili, saba, ukijibana. Utungo wenye beti kumi na mbili ulipofika mbele ya maikrofoni ilibidi upunguzwe, na kwa kawaida mtu anapopunguza haachi mwanzo, maana ndio unaoitambulisha nyimbo, wala haachi tamati. Anatupa za katikati. Bahati mbaya katikati ndiko mtunzi anakofungua fumbo lake kidogo.

Ndiyo sababu tunasema sahani ni nusu ya wimbo. Nusu ya pili ilibaki Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, midomoni mwa watu.

Siti mwenyewe alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, na yeye akitembeza vyungu kuuza, akivitangaza kwa sauti. Anayetaka kujua koo lile lilifunzwa wapi aanzie hapo, kwa mtu anayetaka sauti yake imfikie mwenye nyumba aliye ua wa pili bila kukauka. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa bado na harufu ya kasri: Sultani Barghash ndiye aliyeipenda na kuileta kutoka Misri katika karne ya 19, na Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa klabu ya wanaume. Kiarabu ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya kuimbia. Siti na kundi lake waliiimba kwa Kiswahili, na habari walizoimba zilikuwa za mtaani.

Kuna kisa cha kijembe chake kinachojulikana na wengi, na ni kipimo kizuri cha jinsi nyimbo zile zinavyosomwa. Wapinzani wake walimtungia utungo wa kumuuliza amekuwa mtu tangu lini, huyu aliyetoka shamba na kaniki. Kama si sauti, angekula nini? Msikilizaji wa leo anaona ni dharau ya mavazi. Kaniki haikuwa nguo tu. Lilikuwa shuka la buluu iliyokolea karibu na weusi, nguo ya mtumwa na ya mtu wa kazi ngumu, na hali ya utumwa hapa ilikoma kutambuliwa na sheria mwaka 1897, yaani watu waliousikia utungo ule walikuwa na wazee wao waliovaa kaniki kwa kulazimishwa. Neno moja limebeba ukoo, rangi, shamba na jina lake la utotoni. Naye alijibu kwa wimbo, wala hakujitetea kuhusu nguo. Alisema uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Ukiisikiliza sahani bila kujua kaniki, utasema ni mawaidha. Ukijua, utasikia mtu anayerudisha kofi bila kunyanyua mkono.

Wimbo wa Kijiti ni mzito zaidi. Unasimulia mauaji ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliyechukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, akatendewa ubaya na kuuawa. Mwuaji akatoroka kwenda bara. Kesi ilipofika, wanawake waliofuatana na marehemu walisimama kutoa ushahidi, na wao ndio waliotiwa jela. Wimbo unaanza kwa kuwaita watu watazame, namna mtu anavyopiga ukelele wa mwizi. Hauna fumbo hata kidogo, na hilo ndilo la kuangaliwa. Kundi lililokuwa likificha jina la mume mwizi wa mapenzi nyuma ya ua la asumini, hapa linataja jina la mwuaji wazi, na hasira yake haiishii kwa mwuaji, inapanda mpaka kwa hakimu. Wanawake wa Ng'ambo waliimbiana uamuzi wa mahakama uliowafika wao. Tunapowachezea vijana sahani hii huwa tunasita kuwaambia kisa kabla. Tumejifunza kuwaambia. Mdundo wake ni wa kuchezeka, na kijana asiyeambiwa anatikisa mabega.

Tahadhari moja juu ya utunzi. Si kila alichoimba Siti alikitunga Siti. Kundi lilikuwa likikutana jioni nyumbani kwake, majirani wakileta habari za siku, na Maalim Shaaban alikuwa mshairi mwenye kalamu nzito ndani ya kundi. Tungo zililetwa, zikapimwa, zikabadilishwa neno, zikaimbwa usiku ule ule. Anayeandika "mtunzi: Siti binti Saad" kwenye kila faili anajirahisishia. Andika aliyeimba, na nafasi ya mtunzi iache tupu mpaka uwe na hakika. Tahajia ya lebo nayo usiiabudu, iliandikwa na makarani wasiojua Kiswahili.

Nusu iliyobaki inatafutwaje? Wa 1928 wamekwisha, lakini wenye miaka themanini na zaidi walizisikia kwa mama zao na mashangazi zao, na redioni miaka ya 1950. Utaratibu tuliouona unafaa ni huu. Nenda alasiri, baada ya sala, usiende asubuhi watu wana kazi. Usicheze sahani kwanza. Ukiicheza, bibi atafuata beti za sahani na zile nyingine zitajificha. Mwambie akusomee maneno, asiimbe. Akiimba ataruka mstari uliomponyoka na wala hutajua, akisoma atasimama pale pale palipokatika. Mrekodi kwa simu iliyowekwa juu ya mkeka mbali na kikombe. Muulize kila ubeti aliusikia kwa nani. Usimsahihishe, hata akisema neno usilolijua. Baada ya hapo ndipo umchezee sahani, na mwangalie uso: mahali atakaposema "mbona wameruka" ndipo penye ubeti uliotupwa Bombay. Andika dakika na sekunde.

Kosa linalotokea sana ni kuchanganya na Bi Kidude. Fatma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa miaka mingi, ukiwemo Muhogo wa Jang'ombe, na watu wengi wamezijua kwake. Yeye hakuwa mtumwa wa sahani. Aliongeza, alipunguza, alipachika ubeti wa kuzunguka unaoingia wimbo wowote. Hilo lilikuwa haki yake kama mwimbaji, lakini kwako wewe unayepanga beti ni mtego. Dawa yake: chora safu tatu kwenye daftari, sahani, Kidude, na mzee. Ubeti uliopo kwa mzee na sahani ndio wa kale. Uliopo kwa mzee na Kidude tu, uwekee alama ya kuuliza. Uliopo kwa mzee peke yake ndio unaotafutwa zaidi na ndio unaopaswa kuulizwa kwa mzee wa pili wa mtaa mwingine, asiye jamaa yake.

Kwa nyimbo za kesi kama Kijiti, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina majalada ya zama za Waingereza. Omba kibali mapema, beba penseli, na tafuta kwa mwaka na aina ya kesi, usitafute kwa jina la wimbo. Majina ya Waswahili yameandikwa kwa tahajia tatu tofauti ndani ya jalada moja, kwa hiyo jaribu zote. Ukipata jalada, linganisha mpangilio wa matukio na mpangilio wa beti. Zikitofautiana usikimbilie kusema wimbo umekosea, karani wa mahakama aliandika alichotafsiriwa.

Mwisho wa kazi ni bahasha. Andika juu yake namba ya lebo, na namba ndogo iliyochorwa kwenye weusi kati ya mwisho wa mifereji na lebo, maana lebo inaweza kubanduka na hiyo ikabaki. Kisha kasi uliyotumia, ukubwa wa sindano, jina la faili, na idadi ya beti zilizomo na zilizotajwa na wazee. Tumia penseli, wino ukikutana na masika unatembea. Na andika kabla hujaitia sahani ndani. Ukiandika juu ya bahasha iliyobeba sahani, mkono unakandamiza, na karatasi ikiwa na chembe ya mchanga, hiyo chembe inachora mfereji.